Mita 25 za Maji

Matokeo ya kuogelea mimi huyasoma kutoka chini kwenda juu. Ukianza juu utakutana na Marekani, Australia, Italia na Kanada, na utachoka kabla hujafika kwetu. Ukianza chini unatupata mapema: Kenya, Uganda, Tanzania, Burundi, Rwanda, tumebanana pamoja kama abiria wa kiti cha nyuma kwenye matatu, magoti yakigusana. Wengi wetu hufika pale kwa sababu shirikisho la dunia huruhusu nchi ambazo waogeleaji wao hawajafikia viwango kutuma wachache hata hivyo. Wanaogelea mara moja kwenye mchujo wa asubuhi, muda wao unaandikwa, na jioni wanakaa jukwaani kutazama fainali za wengine.

Desemba 2024 nilisoma hivyo matokeo ya Mashindano ya Dunia ya kidimbwi kifupi, yaliyofanyika Budapest, Hungary. Yalikuwa mashindano ya ajabu, rekodi za dunia zikianguka karibu kila jioni. Gretchen Walsh wa Marekani aliondoka na dhahabu 7. Noè Ponti wa Uswisi aliogelea mita 100 za kipepeo kwa sekunde 47.71. Lakini tokeo lililonifanya niweke simu chini kidogo lilikuwa la nusu fainali ya mita 50, mtindo huru, wanaume. Kijana aitwaye Jordan Crooks aligusa ukuta kwa sekunde 19.90. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 20. Na bendera iliyokuwa kando ya jina lake haikuwa ya taifa kubwa. Ilikuwa ya Visiwa vya Cayman, mahali penye watu wasiofika hata laki moja. Kaunti ya Nakuru peke yake ilihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 2.1 katika sensa ya 2019.

Sasa nikaanza kujiuliza swali ambalo limenikalia tangu siku hiyo. Kama watu wasiofika laki moja wanaweza kumtoa mwogeleaji wa mbio fupi mwenye kasi kuliko wote duniani, sisi wa Bonde la Ufa tuna nini na tumekosa nini? Jibu rahisi linalotolewa mtaani ni kwamba sisi ni watu wa kukimbia, maji si yetu. Mimi sikubali. Jibu la kweli liko kwenye historia, na historia yenyewe haiko mbali. Mengine unaweza kuyaona ukisimama pale katikati ya mji na kutazama mtaa upi uko juu na upi uko chini.

Kwanza tuelewane kuhusu kidimbwi kifupi. Kuna mabingwa wa dunia wa aina mbili katika kuogelea. Kidimbwi cha Olimpiki kina urefu wa mita 50. Kidimbwi kifupi kina mita 25, na mashindano yake ya dunia yalianza mwaka 1993 kule Palma de Mallorca, Uhispania. Tangu hapo yamekuwa yakifanyika kila baada ya miaka miwili hivi: Rio de Janeiro, Gothenburg, Hong Kong, Athens, Moscow, Indianapolis, Shanghai, Manchester, Dubai, Istanbul, Doha, Windsor ya Kanada, Hangzhou, Abu Dhabi, Melbourne, halafu Budapest.

Muda wa kidimbwi kifupi huwa wa kasi zaidi, na sababu yake ni ukuta. Ukiogelea mita 100 katika kidimbwi kirefu unageuka mara moja tu. Katika kidimbwi kifupi unageuka mara tatu, na kila unapogeuka unausukuma ukuta kwa miguu yote miwili, kisha unateleza chini ya maji ukipiga mkia kama pomboo. Kanuni inakuruhusu kukaa chini hivyo hadi mita 15, isipokuwa kwenye mtindo wa kifua wenye kanuni yake. Chini ya maji hakuna mawimbi ya kukurudisha nyuma, kwa hivyo pale ndipo mwogeleaji anapokuwa na kasi kubwa. Ndiyo maana César Cielo wa Brazil aliweka rekodi ya mita 50 kwa 20.91 kwenye kidimbwi kirefu mwaka 2009, na Crooks akapata 19.90 kwenye kifupi. Caeleb Dressel alishinda mita 100 za kipepeo Tokyo mwaka 2021 kwa 49.45, na Ponti akazimaliza kwa 47.71 Budapest.

Haya mambo ya mita yananihusu kwa sababu moja. Vidimbwi tulivyo navyo hapa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Njoro ni vifupi. Vingi havifiki hata mita 25. Kidimbwi cha mita 50 kinachojulikana na kila mwogeleaji wa Kenya kiko Kasarani, Nairobi, kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Kwa maneno mengine, kama kuna mashindano ya dunia yanayofanana na maji yetu, ni haya ya kidimbwi kifupi. Crooks mwenyewe alikulia kwenye maji ya aina hiyo. Kidimbwi cha Lions pale George Town, walikojifunzia waogeleaji wa Cayman, ni cha mita 25. Kwa hiyo ufupi wa vidimbwi haututoshi kama kisingizio. Inabidi tuulize nani ameruhusiwa kuingia ndani yake.

Hapa ndipo inabidi turudi nyuma. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904. Walowezi wakaja na ng'ombe, ngano na pareto, na serikali ya kikoloni ikawatengea ardhi yote nzuri kuanzia Naivasha hadi Molo na kwingineko, ile waliyoiita nyanda za juu za wazungu. Mwafrika aliruhusiwa kuishi humo kama kibarua. Mji wenyewe ukapangwa kwa rangi. Wazungu walikaa juu, kwenye upepo na miti, mahali panapoitwa Milimani. Waafrika waliwekwa chini, Bondeni. Wahindi walikuwa katikati, karibu na maduka. Mimi sijui mji mwingine ambao majina ya mitaa yake yanasema ukweli hivi bila aibu. Milimani na Bondeni. Juu na chini. Hata mtoto anaelewa.

Mlowezi alipotulia alijijengea mambo mawili: klabu na shule. Rift Valley Sports Club, ile iliyoko katikati ya mji, ilianza mwaka 1907, miaka saba tu baada ya reli. Pembroke House ilifunguliwa Gilgil mwaka 1927. Shule ya St Andrew's, Turi, ilianza mwaka 1931. Maisha yote ya burudani ya mlowezi yalikuwa ndani ya kuta kama hizo: kriketi, tenisi, raga, baa, na baadaye kidimbwi. Klabu za wazungu za enzi hizo hazikuwa na wanachama Waafrika. Mwafrika aliingia kupitia mlango wa jikoni. Alifagia majani yaliyoanguka majini, akaweka dawa, akakunja taulo. Alikuwa anaijua kila pembe ya kidimbwi isipokuwa ile ya kuwa ndani yake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 ubaguzi wa rangi uliondolewa kwenye milango hiyo, na sina nia ya kulidharau jambo hilo. Lakini mlango ukabaki, ila ulibadilishwa kufuli. Mahali pa rangi pakaingia ada ya uanachama, barua ya kupendekezwa na karo ya shule ya bweni. Leo mtoto wa rangi yoyote anaweza kuogelea katika shule zile za Gilgil na Turi, bora mzazi awe nazo. Na kule Bondeni, Kaptembwo, Rhonda na Free Area hakukujengwa kidimbwi cha mtaa. Tulirithi vidimbwi vya mkoloni pamoja na kuta zake.

Najua mtu atauliza: si tuna maziwa? Bonde la Ufa limejaa maziwa. Watu wa Kisumu hujifunza kuogelea ziwani, watu wa Lamu na Mombasa baharini, kwa nini sisi tusijifunze kwenye yetu?

Hebu tuyapitie moja moja. Ziwa Nakuru ni la magadi, na tangu 1968 limo ndani ya mbuga ya taifa pamoja na vifaru na simba. Ziwa Elementaita ni la magadi pia. Ziwa Bogoria lina chemchemi ambazo watalii huchemshia mayai. Ziwa Baringo ni maji baridi lakini lina mamba na viboko. Ziwa Naivasha ni maji baridi na viboko wake hawataki mzaha. Hata jina la mji wetu husemwa kuwa limetoka kwa Wamaasai, mahali pa vumbi. Tumezungukwa na maji ambayo huwezi kuingia. Mtoto wa Nax anakua akiona ziwa kila siku akiwa kwenye barabara ya Kaptembwo na hajawahi kuligusa.

Kwa hivyo watoto wetu walitafuta maji kwingine. Walikwenda Mto Njoro mvua ikinyesha. Walikwenda kwenye mashimo ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Na walikwenda mabwawani, yale mabwawa ya shamba ambayo walowezi walianza kuyachimba kwa ajili ya ng'ombe na umwagiliaji, na waliokuja baada yao wakaendelea. Kiswahili chetu cha huku kina maneno mawili hapa, na tofauti yake ni tofauti ya maisha. Kidimbwi ni cha kuogelea, kina vigae vya buluu na mtu wa kukuangalia. Bwawa halina kitu. Lina matope chini, halina kina kinachojulikana, na hakuna mtu mzima karibu. Karibu kila mtu niliyesoma naye shule ya msingi anamjua mtoto aliyekwenda bwawani siku ya likizo na hakurudi. Sisi tulikuwa naye darasa moja. Jumatatu dawati lake lilikuwa wazi, mwalimu akaita majina akaruka lake, na hakuna aliyezungumza hadi kengele ikalia. Baada ya hapo tulichapwa kila tulipoonekana karibu na maji. Hivyo ndivyo kizazi chetu kilivyofundishwa: usiogelee. Hakuna aliyewaza kutufundisha namna ya kuogelea.

Maji nayo hayakusubiri tuwe tayari. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel kule Solai lilipasua kingo zake na kuzoa watu zaidi ya 40, wengi wao wanawake na watoto. Pale kuogelea hakungemsaidia mtu, ule ulikuwa ukuta wa maji na matope, na sitaki kuwalaumu marehemu kwa kutojua kitu. Lakini tangu mwaka 2010 hivi maziwa yote ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru lilimeza lango lake kuu la zamani la mbuga. Baringo ikafunika hoteli, shule na zahanati. Naivasha iliingia mtaa wa Kihoto, watu wakatoka kwenye nyumba zao kwa mashua. Sisi tulioambiwa tukae mbali na maji, maji yenyewe yametufuata hadi sebuleni.

Na hapa kuna jambo ambalo sikulitafuta, nililikuta tu. Mwezi huohuo wa Desemba 2024, Budapest ikiendelea, Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu watu wanaokufa maji. Kwa makadirio yao, watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na tisa kati ya kila kumi walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu walikuwa chini ya umri wa miaka 30. Kwa hivyo mwezi mmoja ulitoa matokeo ya aina mbili. Kwenye jedwali moja sisi tuko chini kabisa. Kwenye lile lingine, nchi za aina yetu ziko juu kabisa. Mimi naona ni jedwali moja lililogeuzwa.

Lakini kuna ushahidi mwingine, na unatoka nyumbani. Agosti 2008, Olimpiki ya Beijing, mchujo wa mita 100 za kipepeo. Mkenya aliyezaliwa Nairobi, Jason Dunford, aligusa ukuta kwa sekunde 51.14. Ilikuwa rekodi ya Olimpiki. Ilidumu dakika chache tu, kwa sababu katika mchujo uliofuata Milorad Čavić wa Serbia aliogelea 50.76. Lakini kwa dakika hizo, rekodi ya Olimpiki ya kuogelea ilikuwa ya Kenya. Dunford akaingia fainali, Mkenya wa kwanza kufika fainali ya kuogelea ya Olimpiki, ile fainali maarufu ambapo Michael Phelps alimshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Dunford alimaliza wa tano kwa 51.47. Oktoba 2010 alikwenda New Delhi kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akashinda dhahabu ya mita 50 za kipepeo kwa 23.35. Mwaka 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London. Baada ya kustaafu aligeukia muziki, akajiita Samaki Mkuu. Ndugu yake David naye aliogelea Olimpiki mara mbili.

Olimpiki hiyohiyo ya Beijing, siku chache baadaye, kijana kutoka upande wa Nyahururu, Samuel Wanjiru, alishinda marathoni kwa saa 2:06:32. Ilikuwa rekodi ya Olimpiki pia, na ilidumu miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja Paris mwaka 2024. Mimi huwaweka Wakenya hawa wawili kando kwa kando. Mmoja alitoka familia yenye uwezo Nairobi, akasomea Stanford, chuo chenye mojawapo ya timu bora za kuogelea Marekani. Mwingine alitoka familia maskini, akachukuliwa na shule moja ya Japani akiwa bado mvulana. Wote wawili walikuwa na kipaji. Tofauti ni kwamba kipaji cha Wanjiru kilionekana barabarani, bure, na mtu yeyote aliyepita. Barabara ya vumbi haitozi kiingilio. Kipaji cha kuogelea hakiwezi kuonekana kabla mtu hajalipia maji. Kama kulikuwa na Dunford mwingine Kaptembwo mwaka ule wa 2008, hakuna aliyemwona, hata yeye mwenyewe hakujiona.

Kwa Afrika nzima hali si ya kukata tamaa. Kidimbwi kifupi kimewahi kuwa chetu. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alivunja rekodi za dunia Manchester mwaka 2008, na leo ndiye rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho. Oussama Mellouli wa Tunisia alishinda mita 1500 Dubai mwaka 2010. Chad le Clos wa Afrika Kusini aliogelea mita 100 za kipepeo kwa 48.08 kule Windsor mwaka 2016, rekodi ya dunia wakati huo. Kenya haijapata medali hata moja kwenye mashindano haya. Na hatuwezi kusema ni maumbile, kwa sababu bara ni hilohilo.

Lazima niwe mkweli kuhusu Cayman pia. Wale ni matajiri. Ni visiwa vya mabenki, na bahari iko mlangoni. Crooks naye alikwenda kuogelea chuo kikuu cha Tennessee, Marekani, kama Dunford alivyokwenda Stanford. Kwa hivyo siwezi kusema tukijenga kidimbwi kimoja Bondeni basi baada ya miaka kumi tutavunja rekodi ya dunia. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo, na nadhani kina uzito zaidi. Kule kidimbwi cha mita 25 kilikuwa cha mji, na watoto wakapita ndani yake mwaka baada ya mwaka. Kabla ya Crooks walitangulia ndugu wawili, Brett na Shaune Fraser, walioogelea Olimpiki. Bingwa alitoka kwenye foleni ndefu ya watoto wa kawaida ambao hawakuwa mabingwa, walijua tu kuogelea.

Foleni hiyo hapa iko wapi? Kwa karatasi ipo. Mtaala wa CBC ulipoanza kote nchini mwaka 2019 uliweka kuogelea miongoni mwa mambo ya kufundishwa watoto wa madarasa ya chini. Nilifurahi niliposikia. Halafu mpwa wangu, anayesoma shule moja ya umma hapa Nakuru, akarudi nyumbani siku moja akanionyesha alichojifunza. Alilala kifudifudi kwenye zulia akaanza kupiga mikono. Wamefundishwa kwenye nyasi za uwanja, mwalimu akipiga filimbi. Mwalimu huyo mimi simcheki. Alipewa somo la maji bila maji, na alifanya alichoweza. Shule za binafsi zilipeleka watoto hotelini kwa basi na kuongeza gharama kwenye karo.

Wanaofundisha kuogelea mjini hapa leo ni watu ambao hawamo kwenye rekodi yoyote. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 23, katika kidimbwi cha hoteli, kwa kocha ambaye alianza kama mfagiaji wa kidimbwi hichohicho. Alijifunza usiku, wageni wakishalala. Alinifundisha kwanza kupumua, uso ndani ya maji, mapovu yakitoka puani, nikiwa nimeshika ukingo kama mtoto wa nasari. Akaniambia, "Maji hayana shida na wewe, ni wewe umekuja na hofu ya watu wengine." Nililipa mia tatu kwa siku, na hiyo kwa familia nyingi ni unga wa siku mbili. Ukienda hoteli yoyote ya Nakuru Jumapili mchana utaona upande wa kina kifupi umejaa watu kama soko la Wakulima, wakipiga picha na kucheka. Upande wa kina kirefu ni mtupu. Maji yametulia, yanang'aa. Hiyo picha inaniambia historia ya mji huu kuliko kitabu.

Na kuna jambo la mwisho ambalo hunichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai maji ya kidimbwi kisichopashwa moto yanakata kama kisu. Makocha husema hiyo ni sababu kubwa ya watoto kuacha mazoezi. Kupasha maji kwa umeme ni ghali. Lakini sisi tumelala juu ya mvuke. Olkaria inazalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii kwa joto la ardhini, na KenGen ilifungua kidimbwi cha maji ya moto pale kwa watalii mwaka 2013. Menengai, huu mlima ulio nyuma ya nyumba zetu, shirika la GDC lilifanya majaribio ya kutumia joto hilo moja kwa moja: kuchemsha maziwa, kufua nguo, kulima nyanya kwenye vibanda vya plastiki, na kufuga samaki. Perege. Wale samaki wa Menengai waliogelea kwenye maji yaliyopashwa joto la volkano yetu. Watoto wa mji uliotangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021 bado wanaogelea kwenye nyasi.

Kwa hivyo usiniambie hatuna maji, wala joto, wala urefu unaotakikana. Mita 25 kwa njia sita ni eneo dogo kuliko sehemu ya kuegeshea magari kwenye duka kubwa lolote la hapa mjini. Kitu ambacho hakijawahi kujengwa Nakuru ni kidimbwi ambacho mtoto wa Bondeni anaweza kuingia bila kupitia jikoni wala ofisi ya karo. Mkoloni hakukijenga kwa sababu hakutaka. Sisi tumekuwa na zaidi ya miaka 60, na kila kaunti ikipanga bajeti inakumbuka uwanja wa mpira. Sioni ubaya wa mpira, lakini hakuna mtoto aliyewahi kufa kwa kutojua kupiga penalti.

Mashindano yajayo ya dunia ya kidimbwi kifupi yamepangiwa Beijing, Desemba 2026, mji uleule ambapo Dunford alishikilia rekodi kwa dakika chache. Nitayasoma tena kutoka chini. Nikikuta jina la Mkenya pale kwenye safu za mwisho, sitaona aibu yoyote. Nitajua kuna mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akalipia njia yake, akagombana na baridi na pengine na shirikisho, hadi akafika kwenye jedwali la dunia. Wa mwisho kwenye mchujo ule ameshapita watu wengi sana ambao hawakupewa hata nafasi ya kulowa.